Kivumishi cha Marehemu

Walikuja Jumatano dukani kwangu,
Chavakali, ghorofani, juu ya kinyozi:
wana watatu wa mzee Mudaki Amugune
na mama yao, mkoba mapajani.
Mazishi Jumamosi. Nakala mia mbili.
Chini ya picha, nafasi ya neno moja:
Alikuwa mtu… nami nikangoja.

"Mwekevu," akasema kifungua mimba,
karani wa kiwanda cha chai.
Kageha akachekea puani.
"Mwekevu huweka ili kesho atumie.
Baba aliweka ili kesho aweke."
"Basi bahili?"
"Bahili ni tusi."
"Koti moja, mvua za miaka thelathini! Ni nini kama si ubahili?"
"Mchoyo je?" akauliza kitinda mimba,
na wote wakamgeukia,
maana mchoyo hufunga mlango akila,
na mlango wa baba yao haukuwa hata na komeo.

Vidole vyangu viko juu ya herufi.
Maneno haya ni ndugu wa tumbo moja,
ila ukimwita huyu, yule haitikii.
Nilitaka kuwaambia hivyo. Nikanyamaza.
Umeme wetu hausubiri falsafa.

Ndipo mama akasema, akitazama dirisha:
"Sabuni ya mche aliikata kwa uzi,
vipande sita, kila kimoja wiki yake.
Nyumba ya Kavosa ilipoungua
alivuta mkebe chini ya kitanda,
akazihesabu pesa, akazihesabu tena,
akampa zote.
Akaandika daftarini: Kavosa, deni.
Miaka kumi na tisa hakumdai.
Wala hakulifuta.
Huyo anaitwaje?"

Nikajaribu mkarimu,
lakini mkarimu hutoa uso ukiwa umekunjuka,
na mzee alitoa kama anayeng'olewa jino.
Mwema: pana mno, koti la kuazima.
Mwadilifu: hilo la mahakamani.
Kishale kinapepesa, kinapepesa.

"Acha alivyokuwa," akasema. "Andika alichofanya.
Andika: Alihesabu."

Ijumaa alirudi peke yake.
Akalowesha kidole, akazipitia karatasi
moja moja, hadi ya mwisho, kisha upya.
"Mia moja tisini na saba."
Hakusema kwa ukali. Wala kwa upole.
Alisema kwa namna fulani
ambayo neno lake bado nalitafuta.

Nikawasha mashine.