Nakala ya Njano

Fomu ina nakala nne, kila moja na rangi yake:
nyeupe ya kiwanda, waridi ya dereva,
kijani ya wakubwa wa Gandhinagar wasioisoma,
na njano ni yangu, Kokila Rathwa,
karani wa mizani, lango la pili,
jalala la sumu, nje kidogo ya Navagam.

Nisemapo jalala sidharau. Ni shimo lenye elimu:
chini mfinyanzi ulioshindiliwa,
juu yake plastiki nene kama kwato,
mabomba ya kunyonya jasho lake,
kisha mfinyanzi tena.
Mhandisi Bharucha alinionyesha siku ya kwanza.
Akasema: hapa sumu hulazwa kama mgonjwa,
haitupwi.
Kwa neno hilo nikaipenda kazi.

Shida si shimo. Shida ni njia.
Toka viwanda vya rangi hadi kwangu
ni kilomita thelathini na nne,
na katikati pana korongo, pana miiba, pana usiku.

Mwaka juzi lori la Dhiraju lilitoka na mapipa arobaini,
likanifikia na thelathini na moja.
"Barabara mbovu, dada," akacheka,
meno mekundu kwa tambuu,
kana kwamba mapipa ni mayai.
Simu ikalia. Sauti ya ofisini: andika arobaini.
Kulaza pipa shimoni ni fedha,
kulimwaga korongoni ni bure,
na ada ya mtoto ilikuwa Jumatatu.
Nikaandika arobaini,
herufi zenye mkia, mwandiko wa shule ya watawa.

Mtaani kwetu maji huja saa kumi alfajiri,
dakika ishirini, basi.
Kwa hiyo kila nyumba ina pipa la buluu.
Langu nililinunua kwa Popat wa vyuma chakavu,
nikabishana naye mpaka akashusha rupia hamsini,
nikalisugua kwa majivu na ndimu, mara tatu.
Harufu imeisha, tukasema.
Maji yalionja kama sarafu ulimini.
Mama mkwe akalaumu bomba.

Juzi lilikauka. Nikalipindua nilipanguse,
na kitakoni, chini ya ukoko wa chokaa,
namba, imekwaruzwa kwa msumari.
Niliijua kabla ya kuisoma,
kama mtu ajuavyo kikohozi cha mumewe gizani.

Nikaenda langoni, nikafungua faili.
Nakala ya njano. Pipa la 17. Limepokelewa.
Sahihi: K. Rathwa.
Na ule mkia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.
Lakini mimi sikuchimba, nikajitetea mbele ya kabati,
mimi niliandika tu.
Kabati halikujibu.
Vipele vya Hetal, mikononi, nyuma ya magoti:
sijui kama ni vya pipa. Daktari naye hajui.
Hakuna fomu ya hilo.

Leo nimelipandisha kwenye bajaji,
nikalilipia nauli ya mtu mzima.
Nimeliweka katikati ya mizani ya malori,
pipa moja la buluu kwenye chuma kipana kama uwanja,
na mizani ikasema: sifuri.
Nikajaza fomu hata hivyo.
Penye Aina ya Taka niliandika: maji ya kunywa.
Penye Mzalishaji kalamu ilisimama.
Kiwanda? Dhiraju? Popat na rupia zangu hamsini?
Wino ukafanya doa.
Nikaandika jina langu, bila mkia.

Bharucha alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.
"Na yale manane?"

Njoo kesho saa kumi, nikamwambia,
bomba likifunguliwa.
Uje na daftari.
Tutabisha hodi nyumba kwa nyumba,
tuwaombe watu wamwage maji,
wapindue mapipa, watuonyeshe chini.