Kibao cha Oli

Kibao kilifika Arua kabla ya pesa.
Wakakisimika Jumanne, pale penye kichuguu,
saruji ikiwa mbichi, herufi kubwa kuliko mlango wetu:
RUZUKU YA SERIKALI
UWANJA WA NETIBOLI, OLI.

Mimi ndiye mweka hazina.
Nilijaza fomu nakala nne,
nikamfuata mwenyekiti wa mtaa hadi matangani
kuomba muhuri,
nikafungua akaunti
ambayo hadi leo haijui kitu ila makato.

Mwezi wa tano Candiru akachoka kungoja.
Akaleta ringi ya baiskeli ya marehemu babake,
akaigongomea katikati ya kibao.
Tangu hapo kila jioni mpira unasoma maandishi
kwa kuyafuta:
RUZUKU imebaki KU.

Jana akaja mkaguzi kutoka wilayani,
viatu vyekundu kwa vumbi.
"Fedha zimetumikaje?"
Nikamwonyesha ringi.
Akaitazama. Akaandika kitu, akakikata.

Asibazuyo akamrushia mpira bila salamu,
naye, shahidi ni mimi,
akavua koti.

Alikosa mara tatu.
Wa nne ukapita,
na kibao kizima kikatikisika
mpaka kwenye saruji.