Mwaloni wa Saa Nne

Zamani nira niliibeba kwa mkono mmoja,
nikamvisha Sidonie kabla hajapiga chafya.
Sasa napanda juu ya kreti la bia,
na yeye ananiinamishia shingo
kama mtu mrefu anayesikiliza siri.
Mimi sitini na tisa, yeye ishirini na minne.
Kwa hesabu ya farasi ndiye mkubwa wangu;
nikimpa shikamoo asubuhi, si utani.

Tunavuta magogo msitu wa Ardenne,
kwenye mteremko ulioshinda matrekta.
Mnyororo, gogo, tope, mvuke wa pumzi.
Magoti yangu yanalia kabla ya bawaba za banda.

Anselme alikuwa akisimama saa nne kamili
chini ya mwaloni uliopigwa radi.
Anakula mkate, ganda anampa Sidonie.
Kisha Anselme akafa. Mwezi wa pili, theluji ya magotini,
barabara imefungwa,
jeneza likapita njia ileile ya magogo
na Sidonie ndiye aliyelivuta.
Pale mwaloni akasimama.
Padri akatazama saa yake. Sote tukasubiri.

Mwaka wa kwanza nilivuta hatamu, nikamtukana:
Twende, mjinga wewe, hayupo!
Masikio yakaenda nyuma, yakarudi mbele.
Hakusogea.
Mwaka wa pili nikaacha matusi.
Wa tatu nikaanza kubeba mkate.

Thibaut wa kiwanda cha mbao alikuja na karatasi.
Mashine yake ina taa nane na kiti chenye joto.
Pumzika sasa, mama Odile. Kijana mzuri.
Nikamwambia nitafikiri.
Nilikuwa nimeshafikiri.

Daktari wa mifugo alifika Alhamisi, usiku.
Utumbo ulikuwa umejisokota,
na hakuna aliyesema neno refu.
Nilimshika hapa, chini ya taya,
palipo laini kama uyoga.
Alipoanguka ardhi ilijibu, nikaisikia kwenye meno.
Nilikata singa kidogo. Sijui za nini.
Ziko kwenye droo ya vijiko.

Leo nimepanda msituni mikono mitupu,
vidole vimejikunja bado
kana kwamba kuna kitu mbele kinavivuta.
Sikutazama saa.
Miguu ndiyo iliyosimama.
Mwaloni, kovu lake la radi, ukungu.
Mfukoni mlikuwa na ganda la mkate, gumu kama kwato.
Nikalinyoosha mbele, kiganja wazi, bapa,
kama unavyomlisha farasi
asije akakuuma vidole.
Nikangoja kiasi.

Kisha nikalitia kinywani mwangu,
upande wenye meno.