Ritifaa

Bwana Mchome aliniletea bati begani,
la bucha yake ya Majengo, kutu imekula kona.
Akasema: Aikande, nitolee jipya, la stika,
ling'ae kama la yule jirani yangu wa simu.
Akaacha elfu kumi ya kishika mkono,
akarudi kwenye nyama kabla nzi hawajamtangulia.

Nikalilaza mezani, nikalifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa.
Chini ya vumbi, mkono ukanisalimu.
Niliujua kabla sijasoma neno:
A yenye miguu iliyopanuliwa,
kama mtu anayesimama kwenye mteremko wa Kibosho na mzigo kichwani.
Manasse Urio.

Sikumpenda sana.
Alikuwa na deni kila duka la rangi,
na brashi zangu mbili hakurudisha hadi anazikwa.
Lakini nilipomaliza kidato cha nne na cheti cha kufungia maandazi
ndiye aliyenipa ubao na chaki:
"Andika A. Kiswahili kimejaa A.
Nyama, dawa, saa, lala, kaa, lipa.
Mwenye A mbaya akaandike Kiingereza."
Nikaandika A miezi miwili.
Ndipo akanipa nafasi, jinsi ya kuzigawa:
"A na V ni wachumba, waache waegemeane.
H na I ni wapangaji; wape uchochoro, wapitishe ndoo."

Walikuwa sita. Jumamosi jioni, nyuma ya gereji,
walinawa mikono kwa petroli na kusutana kwa herufi.
Hatibu wa Njoro, B zake zina kitambi.
Elinami aliinamisha kila neno
kana kwamba duniani kuna upepo mmoja tu, nao unatoka Himo.
Mwingine, jina limenitoka, alichora vichwa vya vinyozi;
vyote vilifanana na shemeji yake.
Mwaka wa vyama vingi walipaka bendera zote kwa wiki moja,
brashi ileile, wakiisuuza kati ya chama na chama,
hadi petroli ya kwenye kopo ikawa tope.

Kisha ikaja mashine ya kukata stika.
Sitasema iliwaua. Elinami alikufa kwa sukari.
Hatibu anauza mitungi ya gesi, tukikutana ananipungia.
Na mashine ninayo mimi.
Ndiyo inayolipa pango.

Basi nikaandika kwenye kompyuta: NYAMA YA NG'OMBE NA MBUZI.
Fonti nene, nyekundu, imekaa sawa kama askari wa gwaride.
Kwenye bati niliona ile alama baada ya NG
imerefuka mno, ikajikunja kwa juu.
Nikasema brashi ilimponyoka,
au siku ile mbege iliwahi kuliko chai.
Nikaweka ritifaa ya kompyuta, kijiti, nikaenda kula.

Mchome alifika jioni na aproni yake.
Alitazama kioo kwa muda, kichwa upande,
kama anayekadiria paja bila mizani.
"Safi," akasema.
"Lakini ng'ombe wangu, pembe yake umeipeleka wapi?"

Nikageukia bati.

Kila mtoto aliyetumwa nusu kilo pale
aliiona pembe, akiwa bado hajui kusoma.
Mimi, niliyekula A miezi miwili kwa mwenyewe,
niliona kosa.

Nikatafuta karatasi, nikatafuta brashi,
ilikuwa imekauka, nikailoweka, nikaomba radhi kwa kusubirisha.
Ya kwanza ilitoka ndizi.
Ya nne, ndoano.
Kufika ya kumi na moja Mchome ameketi kwenye kiti cha wateja,
amevua viatu, anasema ijaribu tena, huyu si mbuzi.

Ile iliyokubali niliipiga picha, nikaiingiza.
Mashine haikuuliza ni ya nani.
Ila kisu kilipofika kwenye mkunjo
kilipunguza mwendo.