Kabati la Shangazi Euphemia

Bwana Petrie alikuja na tochi na futikamba.
Hakukaa. Chai hakuigusa.
Alipiga magoti kama mtu aliyeangusha pete,
akachungulia chini ya tumbo la kabati,
akavuta droo, akainusa, akaifunga kwa goti.
"Mahogani," alisema. "Miaka mia na hamsini, au zaidi kidogo.
Pauni arobaini. Na mlitoe wenyewe hadi barabarani."

Ya kale ni dhahabu, tulilelewa hivyo.
Hapa Montrose, mwaka huu, ya kale ni kuni.
Watu wanataka meza nyeupe zinazofika ndani ya boksi,
skrubu zake kwenye kifuko,
na ndoa ikivunjika, meza nayo inafunguliwa.

Hili halifunguliwi.
Viungo vyake vimeumana meno kwa meno, bila msumari;
ng'ombe hazeeki maini.
Lina miguu sita, na simba wanne wa shaba wenye pete midomoni,
mmoja hana pua:
Struan aliisugua kwa kidole gumba kila Jumapili
akingoja sala ya chakula iishe.
Kioo cha nyuma kimeota madoa.
Kilituonyesha tukila,
ndiyo maana hadi leo sote tunatafuna tumefumba midomo.

Droo ya kushoto: kitambaa cha kijani, vijiko kumi na kimoja.
Cha kumi na mbili hakitajwi.
Ya katikati: mishumaa, uzi, risiti ya makaa ya mawe,
ufunguo usio na mlango.
Ya kulia hukwama. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo.
Unaiinua kidogo, unaibembeleza, haitaki, haitaki,
kisha inakuja yote kwa mkupuo
na kukumwagia uma miguuni.

Tulipotoa kitambaa cha lesi
tukakuta ubao mwekundu, mbichi, kama umekatwa jana.
Kwingine kote jua la dirishani limekunywa rangi
ila hapo, kwa umbo lilelile la lesi,
kama ngozi chini ya saa ya mkononi.
Shangazi naye alikuwa na alama hiyo kwenye kidole kimoja.
Pete ilikaa miaka mitatu,
akairudisha mwenyewe kwa posta.
Struan anadhani alitia na kijiko ndani ya bahasha.
Sikumuuliza kwa nini.

Tukalibeba.
Tukaliinamisha, tukaligeuza ubavu, tukalisimamisha wima,
Struan akihema upande wa chini, mimi nikitoa amri za bure.
Mlango sentimita themanini na moja.
Kabati, hata likijikunyata, tisini na nne.
Liliingiaje, basi?

Jirani Wilma Strachan, aliyekuja kuazima ngazi
na hakuondoka,
alicheka mpaka akashika ukuta.
"Dirishani! Babu yenu na wauza samaki watatu.
Kisha wakajenga bafu pale nje."
Kumbe nyumba ilifungwa likiwa ndani.
Miaka yote tulidhani kabati ni la chumba.

"Likikatwa katikati litapita," alisema Bwana Petrie.
"Msumeno ninao garini."
Alisema kwa upole, lazima nikiri,
kama daktari wa meno.

Struan, ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu,
hata mkewe wa kwanza, hata nyumba,
alitazama yule simba asiye na pua.
Akafungua mlango wa mbele, baridi ikaingia.
"Asante kwa kuja," alisema.

Jioni tulinunua samaki na chipsi
tukala kwa mikono, tumesimama, juu ya kabati,
mafuta yakiloa gazeti,
kioo kikitutazama bila la kusema.
Chumba kitupu. Kesho tutajua la kufanya, au keshokutwa.

Nilijimiminia chai.
Nikanyoosha mkono kuiweka,
mkono ukagoma hewani.
Nyumba nzima haikuwa na mtu wa kunikaripia.
Nikaenda jikoni, nikafungua maboksi mawili,
nikarudi na kisahani.