Maswali Nyuma ya Risiti

Niliyaandika usiku, nyuma ya risiti ya mashudu,
kwa kalamu iliyokuwa ikikwama kila neno la tatu.
Asubuhi nimembeba Wendo hadi zahanati ya Mpunguzi,
vumbi likitutangulia kama mwenyeji.

Benchi limejaa kanga. Suruali ni yangu peke yangu.
Mwanamke mmoja ananisogezea nafasi
kama anavyosogezewa mtu aliyefiwa.
"Mama yake?"
"Yuko zabibuni."
"Ah."
Hiyo "ah" naijua. Ina umri sawa na mtoto huyu,
mwaka mmoja na miezi minane.

Wanamtundika kwenye mzani, miguu inaning'inia,
yeye anacheka, anadhani ni bembea.
Mshale unacheza, unatulia: kilo kumi na robo.
Nesi Malogo anatia nukta kwenye kadi
na mimi naikodolea macho nukta ile
kama wingu la kwanza la Desemba:
litashuka hapa, au linapita tu kwenda Iringa?

"Una swali, baba?"
Nakunjua risiti.

La kwanza. Mbona hasemi?
Chilewa wa jirani ni wa rika lake, na anatukana kabisa.
Huyu wangu ana "mba" basi.
Mbwa ni mba. Mbuzi ni mba. Mimi pia ni mba.
"Ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka?"
Anageuka.
"Akitaka kitu anakinyooshea kidole?"
Juzi alinyooshea mwezi, akalia kwa kuwa sikuushusha.
Nesi anacheka kwa pua.
"Ongea naye. Hata ukiwa unapalilia, ongea naye.
Akitimiza miwili bado ni mba, mrudishe tumtazame."

La pili limeliwa na mkunjo wa karatasi. Naliruka.

La tatu. Mama mkwe anasema homa hizi ni kimeo,
na kijiji cha pili yupo mtu anayekata.
Nesi anaweka kalamu mezani, taratibu.
"Wembe wake umepita kwenye makoo mangapi kabla ya hili?
Homa ikija, mvue sweta, mlete. Hata saa nane za usiku.
Tutapima damu. Hatukati kitu."
Nimwambieje mama mkwe?
"Mwambie mimi ndiye mkorofi."

La nne nimeliandika kwa herufi kubwa: ZABIBU.
Hapo sauti inanikauka.

Jumanne. Mama Wendo alileta zile zilizodondoka,
amezifunga kwenye ncha ya kanga, zawadi ya mtoto.
Akaenda kuteka maji.
Moja ikazama kooni.
Hakukohoa. Hakulia. Ndicho nisichokisahau,
kwamba hapakuwa na sauti.
Midomo ikawa rangi ya zabibu yenyewe.
Nikamlaza kifudifudi mapajani, kichwa chini,
nikampiga mgongoni kwa kisigino cha kiganja,
moja, mbili, tatu,
ya nne ikaruka hadi kwenye majivu ya jiko,
nzima, inang'aa, haina hata alama ya jino.

Mama Wendo aliporudi na ndoo kichwani
alitukuta tumekaa kizingitini.
"Amezipenda?"
Nikasema, amezipenda.

Nesi hasemi kitu kwa muda.
Kisha: "Pasua kwa urefu. Vipande vinne. Toa kokwa.
Na akae chini anapokula, asikimbie nacho mdomoni.
Ulifanya vema, baba."
Haulizi kama nimemwambia mke wangu.

Njiani nikalikumbuka swali la pili:
je, umri huu, mtoto hukumbuka?

Jioni nimekaa na kisu kidogo, napasua,
kiganja kinanata, nzi wamepata habari.
"Tangu lini zabibu zinachinjwa?" anauliza Mama Wendo.
"Nesi kasema."
Anachukua kipande, anakitazama dhidi ya kibatari,
anakila.
Wendo ananyoosha kidole kwenye sahani.
"Mba," anasema.
Nampa. Nahesabu anavyotafuna.
Mama Wendo ananitazama mimi, si mtoto,
naye ameanza kufungua mdomo.