Mawe Matatu Mfukoni

Nilimtuma Lushinge dukani kwa Mama Kabula, chini ya jabali:
sabuni, kiberiti, chumvi.
Ngazi za kwetu Mabatini ni mia na kumi na mbili,
nilizihesabu nikiwa na mimba yake,
na kila ngazi ina jambo lake:
mjusi wa kichwa chekundu anapiga pushapu juu ya jiwe,
tairi linashuka bila mwenyewe,
redio ya jirani inatangaza mpira.
Alirudi na kiberiti.
Na mjusi.

Mwalimu Nyamizi kaandika kwa wino mwekundu:
"Akili anayo. Hajitumi."
Baba yake mdogo akasema fimbo.
Bibi yake akasema neno la Kisukuma nisiloliandika hapa.
Mimi nikasema "husikii wewe?"
mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye,
na kumbe mtoto alikuwa anasikia,
alikuwa anasikia vyote.

Jumanne nilivuka Kamanga kufuata matobolwa.
Kivukoni alikuwepo kijana wa fulana ya njano,
filimbi mdomoni, viganja hewani.
Kila mtu alitaka kuingia wa kwanza:
lori la saruji likinguruma,
pikipiki zikijipenyeza kama mende,
mwenye ng'ombe wawili akidai haki yake.
Akanyoosha kiganja: wewe, ngoja.
Akakunja kidole: wewe, njoo.
Lori akaliweka katikati, uzito usielemee upande.
Na gari la wagonjwa lilipotokea nyuma likilia
akaufuta mpango wote kichwani
akaanza upya, bila kumtukana mtu.

Nikamuuliza, kazi hii una miaka mingapi?
"Tisa, mama. Mwaka wa kwanza nilitosa toroli la nyanya ziwani."
Nikacheka.
Kisha sikucheka.

Kwani ndani ya mwanangu nako kuna gati,
na mjusi anataka kupanda, na mpira, na tairi, na njaa,
na sabuni yangu imesimama nyuma kabisa, haina honi.
Na huyo mwenye filimbi kule ndani
ana miaka minane tu.
Juzi juzi kapewa fulana, bado inampwaya.
Nani humchapa mwanagenzi
kwa kosa la kutokuwa fundi?

Jioni hiyo nikaokota mawe matatu.
Jeupe, chumvi. Jeusi, kiberiti. La bapa, sabuni.
"Rudia." Akarudia.
"Na ukikutana na mjusi?"
Akafikiri sana, hadi akakunja pua.
"Nitamwambia nakuja."

Wiki ya kwanza alipoteza mawe.
Wiki ya pili alileta mawe, vitu akaviacha dukani.
Kuna siku nilifoka mpaka jirani akazima redio asikilize,
nikaingia ndani, nikakaa juu ya ndoo, nikaona haya:
fulana yangu mimi ina miaka thelathini na nne
na filimbi nilikuwa nimeimeza.

Jana, giza likiingia, nikamwona anapanda.
Kifuko mkononi. Ngazi ya themanini hivi,
akasimama.
Mkono mfukoni.
Hakuna aliyemwita. Nilikuwa mlangoni nimeuma ulimi.
Akatazama juu, kwetu, kwenye taa.
Akatazama chini, dukani, mbali kule.
Mjusi alikuwepo, au mwenzake.
Akageuka,
akaanza kushuka peke yake,
midomo ikicheza cheza.

Nilisimama kumtazama mpaka maharage yakaungua.
Nami nilikuwa nimejituma:
koroga, punguza moto, ongeza maji.
Vitu vitatu tu.

Sabuni ilifika saa moja na nusu, imeloa jasho la kiganja.
Chenji ilipungua mia mbili.
Sikumuuliza;
meno yake yalikuwa na karanga.